Lita Ishirini za Kurosu

Kurosu Tetsuji simpendi, naye hanipendi, na tumeishi hivyo jirani kwa jirani miaka tisa bila kuoneana haya. Gereji yake na yangu zimeachana hatua arobaini, katikati kuna mipea ya watu. Mwanangu Shunji ndiye aliyeniambia niandike habari za mzee yule, kwa sababu mwenyewe hataziandika hata kwa dawa. Haya, naandika. Anayetaka kumsikia akisifiwa aende kwa mkewe, akambane vizuri, labda atapata neno moja.

Mimi ni Isono Kazue. Nina mashine ya kupimia nguvu za magari, tuliyoinunua mimi na marehemu mume wangu, Genzo. Gari linapandishwa, magurudumu yanazungusha roli mbili kubwa za chuma, na kwenye kioo inatokea namba ya nguvu za farasi. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi vijana na wazee wa mkoa mzima wa Ibaraki, wenye magari ya turbo, hujaa uani kwangu. Wanapima, wanatambiana, wanakula tambi za soba za moto wamesimama. Kurosu husema mashine yangu ni tamu, yaani inaongeza farasi wasiokuwepo. Kweli, ni tamu kidogo. Sasa nani anatoka nyumbani kwake alfajiri kufuata uchungu?

Kurosu mwenyewe ni fundi wa mafuta. Hashiki breki, hashiki gia, rangi ndiyo kabisa haitaki. Kazi yake ni njia ya petroli tu: tangi, pampu, mipira, nozeli, basi. Asiyejua ataona ni kazi ndogo, kwa hiyo nitaeleza mara moja na sitarudia. Turbo inasindilia hewa ndani ya injini. Ukisindilia hewa zaidi, petroli nayo lazima iongezeke kwa kipimo. Hewa iko bwerere. Petroli inasukumwa na pampu moja ndogo, urefu wa chupa ya soda, imezama ndani ya tangi, na pampu ina mwisho wake. Tena ubaya wake, presha ikipanda kule mbele pampu inasukuma kwa taabu na kutoa kidogo, wakati huohuo injini inadai zaidi. Petroli ikipungua hapo, moto unakuwa mkali kupita kiasi na pistoni inayeyuka kama mshumaa. Haifiki hesabu ya tano.

Sasa mtazame Kurosu anavyofanya kazi. Pampu mpya ikija, boksi linasema inatoa lita mia mbili hamsini na tano kwa saa. Yeye hulitazama boksi akachekea puani. Ataiunga pampu kwenye betri, ataifungia presha ileile itakayoikuta ndani ya gari, ataiacha iteme petroli dakika moja kwenye jagi la kioo, halafu atainama mpaka jicho liwe sawasawa na mstari. Umeme anaupima miguuni pa pampu yenyewe, kwa sababu waya wa kiwandani ni mwembamba na unakula nguvu njiani. Watu wengi wamenunua pampu kubwa wakaacha waya uleule, na wote amewatukana mmoja baada ya mwingine. "Umemnunulia tembo ndoo ya maji, halafu unamnywesha kwa mrija!" Hilo nimelisikia kutoka uani kwangu, milango imefungwa.

Akishapima, anakata tepu nyeupe, anaandika kwa kalamu nyeusi namba aliyoipata na tarehe. Halafu anakata tepu ya pili, anaandika presha ya turbo ambayo gari hilo lisivuke, na anaibandika ndani ya kifuniko cha petroli, ili kila ukijaza mafuta uione. Mtu huyu anaandika tepu kwenye kila kitu. Kopo lake la majani ya chai lina tepu yenye tarehe lilipofunguliwa. Mpini wa nyundo yake una tarehe. Mkewe alishaniambia, zamani tukisemezana, kwamba mto wake wa kulalia una tarehe.

Na ukiivuka namba yake, imekula kwako. Huku kwetu fundi akilikubali gari hubandika stika ya gereji yake kwenye kioo cha nyuma. Gari lenye stika ya Kurosu linaachiwa njia kwenye uwanja wa mbio. Ukiivuka namba, anakuja na kibao cha plastiki anaikwangua stika mbele za watu, na kuanzia hapo hakuna fundi wa maana atakayelifungua boneti lako. Nimeona mwanaume mwenye wajukuu watatu akilia machozi kwa ajili ya kile kistika.

Ukaidi huo ana mahali alipoutoa. Nasema hivi si kwa kumwonea huruma, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baba yake alikuwa na kituo cha petroli upande wa mji wa Yuki, pampu moja tu kando ya barabara. Mwaka 1968, Kurosu akiwa na miaka kumi na mmoja, wakaguzi walikuja na ndoo yao ya vipimo wakakuta pampu inasoma lita kumi na kutoa tisa na nusu. Mzee aliapa kwamba hakuigusa, kwamba imechakaa yenyewe. Nani amwamini? Kituo kikafungwa, na shuleni mtoto akaitwa Nusu Lita mpaka alipomaliza. Genzo aliniambia hayo. Walisoma darasa moja, na Genzo alikuwa mmoja wa wawili ambao hawakumwita hivyo. Ndipo Kurosu akaapa kwamba namba itakayotoka mkononi mwake haitadanganya maisha. Ungedhani mtu wa hivyo, aliyeona baba yake akiitwa mwongo, angekuwa na subira na mwenzake. Thubutu!

Nije kwenye kinyongo chenyewe. Genzo alikuwa na gari la milango miwili, injini silinda sita, turbo moja kubwa. Pampu ilipimwa na Kurosu, tepu ya kifuniko ikasema presha ya turbo isizidi 1.4. Genzo alikuwa akiitafuta dakika moja. Uwanja wetu wa mbio uko Shimotsuma, ni mfupi, na watu wa huku wanapimana kwa hilo tu: je, umewahi kuuzunguka chini ya dakika moja? Genzo alikuwa amefika dakika na sehemu nne za kumi za sekunde. Desemba 2013, asubuhi ya baridi kali, turbo zinapenda baridi, akaingia. Kwenye kona ya mwisho, ile ndefu ya kulia, gari likatoa moshi mweupe na injini ikafa.

Kurosu ndiye aliyeifungua, uani kwangu, Jumapili, watu kumi na watano wamesimama. Pistoni ya sita ilikuwa na tundu la kuingia kidole gumba.

"Umepandisha presha," Kurosu akasema.

"Sikupandisha," Genzo akajibu.

"Isono, pampu niliipima kwa mkono wangu. Kwa 1.4 inatosha na chenji inabaki. Injini imeungua. Basi umepandisha. Hapa hakuna la tatu."

Nikakimbia ndani nikaleta karatasi ya mashine yetu, inaonyesha gari lilipimwa juzi yake kwa 1.4 barabara. Kurosu hakuipokea hata kwa vidole.

"Shemeji, karatasi ya mashine tamu ni ya kufungia samaki."

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, watu niliowapikia mimi. Na utamu ule wa mashine nilikuwa nimeutia mwenyewe ili wafurahi, kwa hiyo nikasimama tu na karatasi yangu. Kurosu akachukua kibao cha plastiki, akakwangua stika kwenye kioo cha nyuma kimyakimya, akakitupa kibao chini, akaenda zake. Mmoja akasema, "Njia ya mwongo ni fupi," na mwingine akaitikia. Kile kibao nilikiokota. Nimekiweka kwenye droo ya jikoni miaka yote hii, pamoja na visu.

Genzo hakuwa mtu wa kelele. Aliijenga injini upya peke yake, hakuna aliyemsaidia, tumbo lake tayari limeanza kumsumbua. Tepu ya 1.4 hakuibandua. Nikimwambia itoe takataka hiyo alijibu, "Iache. Niliifuata." Mwaka 2016, mwezi wa sita, hospitalini, amebaki mifupa, aliniambia, "Kazue, ile skrubu ya kupandishia presha sikuigusa." Mtu anakufa na jambo la mwisho linalomkera ni skrubu! Kurosu alikuja mazishini, akafukiza ubani, akainama, akaondoka bila kunitazama. Bahasha yake ya rambirambi nilimrudishia kesho yake haijafunguliwa, nikaichomeka kwenye mlango wake. Huku kwetu kurudisha rambirambi ni kumwambia mtu: baina yetu basi.

Shunji ana miaka thelathini na mmoja sasa. Alitaka kuipata dakika ya baba yake kwa injini ya baba yake, ile aliyoijenga akiumwa. Nilimpa sharti moja: usivuke 1.4 hata unywele. Sikutaka mtu aseme tena kwamba nyumba ya Isono inadanganya. Pampu tulinunua mpya, aina ileile, tukaipima wenyewe kwa jagi dakika moja, tukarudia mara tatu, waya mnene, umeme kamili. Ikatosha, na chenji ikabaki, kama alivyosema. Tulidhani Genzo aliuziwa pampu mbovu, ikachoka baada ya kupimwa, na sasa mbovu imetoka. Injini ile ikifa hakuna nyingine. Aliyeijua kila nati yake yuko kaburini.

Februari 2023, Jumapili, saa moja asubuhi, tuko uwanjani. Barafu nyembamba kwenye vioo. Shunji kaweka petroli lita kumi na mbili tu, kama wafanyavyo wote wanaotafuta dakika. Gari jepesi ndilo linalokimbia. Ninageuka, namwona Kurosu anakuja, koti la kazi, masharubu meupe, kabeba dumu la chuma la lita ishirini.

"Mna lita ngapi?" akauliza. Salamu hakuna.

"Kumi na mbili, mzee," Shunji akamjibu kwa adabu, adabu ya bure.

"Ongezeni ishirini."

"Nani kakuita hapa?" nikamwuliza.

"Nazungumza na dereva, shemeji."

"Ushemeji ulikufa na mwenyewe. Niite jina langu au nyamaza."

Akatafuna masharubu. Shunji akasema, "Mzee, lita ishirini ni kilo kumi na tano. Nitapoteza robo sekunde."

"Bora upoteze robo sekunde."

"Kuliko nini?"

Akalihamishia dumu mkono wa pili. Nikamwambia, "Sema sababu. Wewe bingwa wa namba, toa namba. Au leo jagi umelisahau nyumbani?"

"Ongezeni tu," akasema, akageuka na dumu lake kama mtu aliyefukuzwa sokoni.

Madereva wote wakaitwa kwenye kikao cha usalama, nami nikaenda na Shunji kusikiliza. Kikao kilichukua robo saa. Tunarudi, namkuta Kurosu amechuchumaa nyuma ya gari letu, faneli imeingizwa, dumu limeinuliwa, tone la mwisho linaingia tangini.

Ebo! Nilipiga ukelele uwanja mzima ukageuka. "Mwizi! Mshenzi mkubwa we! Ulimuua baba yake kwa maneno, sasa umekuja kwa mtoto?" Nilimvuta kola. Faneli ikaanguka, petroli ikamwagika, wasimamizi wakaja mbio na mitungi ya kuzimia moto. Kugusa gari la mtu bila ruhusa ni aibu. Kumimina petroli kwa siri ni aibu na hatari juu yake. Wakamshika mikono miwili, mzee wa miaka sitini na tano, mbele ya watu walewale wa 2013. Aliniangalia mara moja akasema, "Usiitoe, shemeji." Nikamtemea mate miguuni.

Msimamizi mkuu akauliza kama nataka kuandika malalamiko. Nilitaka mno. Niliandika ukurasa mzima, nikatia muhuri wangu wa jina, ndiyo sahihi ya huku. Wakamfungia uwanja, moja kwa moja, mpaka mimi mwenyewe nitakapoifuta barua.

Petroli ile hatukuwa na muda wa kuinyonya. Hewa ya baridi haisubiri, jua likipanda nafasi imekwenda. Shunji akaingia nayo. Akazunguka mara tatu, na mzunguko wake bora ukawa dakika moja na sehemu kumi na nane za mia za sekunde. Sehemu kumi na nane za mia! Toa kilo kumi na tano mgongoni mwake, dakika imevunjika na Genzo amepumzika. Nililia kwa hasira mbele ya watu, na siku hiyo ningekuwa na nyundo, gazeti lingekuwa na habari nyingine.

Jumatatu asubuhi, baada ya chai, nikakaa na kompyuta kusoma kumbukumbu za gari. Shunji alikuwa amefunga kifaa kinachorekodi presha ya petroli, kitu ambacho enzi za baba yake hatukuwa nacho. Nikaufuata mstari. Umenyooka, umenyooka, kona ya kwanza, ya pili, umenyooka. Kona ya mwisho, mstari ukachimba shimo. Shimo dogo, pumzi moja, halafu ukapanda tena. Mzunguko wa pili, kona ileile, shimo lilelile. Wa tatu vilevile.

Nikakaa nalitazama. Kona ile ni ndefu, gari linalalia upande, petroli yote inakimbilia ukuta wa tangi, na pampu inabaki inanyonya hewa. Jagi la Kurosu halina kona. Yeye anapima pampu imesimama mezani. Na hapo tangi lilikuwa na lita kama thelathini. Kwa lita kumi na mbili shimo lile lisingekuwa la pumzi moja. Lingeshika kona nzima, turbo inasindilia hewa, petroli hakuna, na pistoni ya sita ingetoboka palepale. Kwa 1.4. Bila mtu kugusa skrubu.

Siku ile Genzo naye alikuwa na lita kumi na mbili.

Nilisema kwa sauti jikoni, peke yangu, "Alisema kweli." Nikachapisha ule mstari, nikaenda hatua zangu arobaini. Tangu stika ikwanguliwe sikuwahi kuvuka kizingiti chake.

Kurosu alikuwa anakunywa chai amesimama. Nikaibamiza karatasi mezani. "Hii si ya mashine tamu. Imetoka kwenye gari lenyewe. Soma!"

Akavaa miwani. Hakuchukua muda mrefu, na ndiyo iliyonishtua: alisoma kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe.

"Kona ya mwisho," akasema.

"Ulikuwa unajua."

Akavua miwani.

"Ndiyo maana ukaja na dumu. Na sababu hukuisema, kwa sababu ukiisema sababu, Genzo anakuwa mkweli na namba yako inakuwa mwongo. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Umejua tangu lini?"

Macho yake yakaenda juu ya kabati mara moja tu, yakarudi haraka. Nami nikaangalia huko. Kulikuwa na kitangi kidogo cha aluminiamu, ukubwa wa kopo la maziwa ya watoto, kimechomelewa vizuri, na mdomo wa mpira wa kuingiza na wa kutoa. Mtu wa kazi hizi anakijua mara moja: ni kitangi cha akiba. Pampu ndogo inakijaza, pampu kubwa inanyonya humo, gari lilalie upande wowote, petroli haikatiki. Ndiyo dawa yenyewe. Nikapanda kwenye stuli nikakishusha. Chini yake kulikuwa na tepu nyeupe, kalamu nyeusi, mwandiko wake: *Isono. 9 Machi 2014.*

Nikakiweka chini. Machi 2014. Miezi mitatu baada ya stika. Genzo amekufa Juni 2016.

"Alikuwa hai," nikamwambia. "Kurosu, alikuwa hai! Miaka miwili na zaidi. Alikuwa hapo, hatua arobaini, unamwona kupitia mipea anajenga injini peke yake."

"Nilikitengeneza nimpelekee."

"Mbona hukumpelekea?"

"Kila asubuhi nilisema leo." Akashika ukingo wa meza. "Ningekwenda na kitangi ningelazimika kusema kwa nini. Watu walikuwa kumi na tano, shemeji. Nilimwita mwongo mbele ya watu kumi na tano."

"Baba yako walimwita mwizi, na wewe ukaona jinsi inavyouma."

Hilo lilimwingia. Alikaa chini kwenye tairi, mzee mzima, akafunika uso. Nadhani alitaka nimwambie basi, yamepita. Sikumwambia. Nilimwambia hivi: "Jumapili ya kwanza ya mwezi, uani kwangu, watu walewale. Utakuja na stika yako."

Alikuja. Nilihakikisha wote wapo. Niliwapigia simu mmoja mmoja, wawili waliohama niliwaambia wapande treni. Gari la Genzo likawa katikati ya ua. Kurosu alivaa suti nyeusi, ileile ya mazishini nadhani, na akainama mbele ya gari mpaka mgongo ukawa meza.

"Isono Genzo hakudanganya," akasema. "Hakupandisha presha. Namba yangu ndiyo ilikuwa mbovu. Nilijua tangu Machi mwaka 2014, nikanyamaza naye yupo hai, nikanyamaza miaka tisa."

Yule aliyesema njia ya mwongo ni fupi alikuwa anatazama viatu vyake, na mimi nilikuwa namtazama yeye. Kurosu akatoa stika kwenye karatasi, akafuta kioo kwa kitambaa, akaibandika palepale pa zamani, imenyooka, akaisugua pembe zote nne kwa kidole gumba. Shunji alikuwa analia wazi. Wengine wakaanza kupiga makofi.

Nikafungua droo ya jikoni, nikatoka na kile kibao cha plastiki. Nikapita katikati yao mpaka kwenye kioo cha nyuma, nikaikwangua stika, taratibu, kuanzia pembeni kama alivyofanya yeye, mpaka kioo kikawa kitupu. Makofi yalikatika.

"Maneno nimeyapokea," nikamwambia. "Na kitangi nimekichukua, kina jina la mwenyewe. Stika yako beba."

Aliipokea ikiwa imekunjamana, akaitia mfukoni. Alikuwa mweupe kama tofu. Watu wakaanza kuondoka bila kuagana, na yeye akabaki amesimama uani kwangu, hajui aende au akae.

"Na ile barua ya uwanjani?" akauliza. Ninajua uwanja ule ni nini kwake. Tangu mke wake aache kusema naye vizuri, hana pengine pa kwenda Jumapili.

"Nitaifuta," nikamwambia.

Akainua uso.

"Mwaka wa tisa."